Maendeleo ya Utafiti wa Kifua Kikuu na Wajibu wa Vyama vya Msingi

Mkaguzi wa vyama vya ushirika husoma mambo mengi katika daftari la mazao. Mwanachama aliyepeleka ghalani magunia kumi ya alizeti msimu mmoja, akapeleka manne msimu uliofuata, na msimu wa tatu hakupeleka chochote, kwa kawaida hudhaniwa kuwa amepatwa na ukame, au ameuza kwa walanguzi, au amechoka na ushirika. Mara nyingi dhana hizo huwa za kweli. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo katibu akiwauliza majirani huambiwa kwa sauti ya chini kwamba ndugu huyo anakohoa tangu masika, amekonda, na jembe limemshinda.

Kikohozi cha namna hiyo kinaweza kuwa kifua kikuu. Ugonjwa huu unapona, na dawa zake katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Kwa hiyo kila mwanachama anayepotea kwa ajili yake ni hasara ambayo ingeweza kuzuiwa. Makala haya yanakusudia kuwaeleza makatibu na wanachama mambo ambayo wataalamu wamegundua kuhusu kuutambua na kuutibu ugonjwa huu, na jinsi nchi yetu ilivyokuwa na sehemu kubwa katika ugunduzi huo. Mwishoni yataelezwa mambo ambayo chama cha msingi kinaweza kuyafanya bila kungoja mtu wa kutoka mjini.

ASILI YA UGONJWA

Tarehe 24 Machi, 1882, daktari wa Kijerumani aitwaye Robert Koch aliwatangazia wenzake mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Ndiyo sababu siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Kabla ya hapo watu wa Ulaya waliamini mengi: kwamba ugonjwa huu ni wa ukoo, au unatokana na hewa chafu, au ni laana. Baadhi ya imani za jinsi hiyo bado zimo vijijini mwetu, ambako mgonjwa huambiwa kuwa amerogwa au amevunja mwiko.

Ukweli ni kwamba kijidudu hiki husafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akipiga chafya au hata akiimba, hutoa matone madogo sana ambayo hubaki yakielea ndani ya nyumba. Anayelala chumba kimoja naye huyavuta. Ugonjwa hauambukizwi kwa kupeana mkono, wala kwa sahani, wala kwa kukaa pamoja mkutanoni chini ya mti mahali penye upepo. Hatari kubwa ipo ndani ya nyumba isiyopitisha hewa. Wakazi wa nyanda hizi wenye kuishi katika nyumba za tembe zenye madirisha madogo hawana budi kulizingatia jambo hilo.

Aidha, ipo aina ya kijidudu hiki inayokaa kwa ng'ombe na kumfikia binadamu kwa njia ya maziwa mabichi. Kwa wafugaji wa Kondoa na Dodoma kwa jumla, kuchemsha maziwa ni kinga isiyohitaji gharama yoyote zaidi ya kuni.

Si kila aliyevuta vijidudu huugua. Kwa watu wengi mwili huvifunga na kuvilaza. Kati ya watu mia walioambukizwa, watano hadi kumi ndio wataugua wakati fulani maishani. Wenye upungufu wa kinga unaoletwa na Virusi vya UKIMWI, watoto wadogo, wenye kisukari, wenye utapiamlo na wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe wamo katika hatari zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani, na milioni 1.25 walikufa.

KUONA NDANI YA KIFUA

Mwaka 1895 mwanasayansi wa Kijerumani, Wilhelm Röntgen, aligundua miale inayopenya nyama na kuonyesha yaliyomo ndani ya mwili. Hiyo ndiyo eksirei. Pafu lenye afya limejaa hewa, hivyo miale hupita na picha huwa nyeusi. Mahali palipoliwa na ugonjwa huzuia miale, na hapo huonekana weupe kama wingu, pengine na tundu katikati.

Kwa miaka mingi mashine hizo zilikuwa kubwa, zilihitaji umeme mwingi, chumba cha giza na filamu za bei kubwa. Katika miaka ya karibuni zimetengenezwa mashine ndogo zinazotumia betri, ambazo mtumishi mmoja anaweza kuzibeba na kuzitumia mahali pasipo na umeme. Picha haihitaji tena filamu; huonekana papo hapo kwenye kompyuta. Zaidi ya hayo, zipo programu za kompyuta zilizofundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi za vifua vyenye ugonjwa na visivyo na ugonjwa, hata zikaweza kuipa kila picha alama ya kiasi cha shaka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu hizo zitumike kuwachuja watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, hata mahali pasipo na daktari bingwa wa kusoma picha.

Kwa magonjwa yaliyojificha zaidi, kama kifua kikuu cha uti wa mgongo au cha ubongo, ipo mashine inayopiga picha za mwili vipande vipande kama mkate uliokatwa. Mtu wa kwanza alipigwa picha kwa mashine ya namna hiyo mjini London mwaka 1971, na mvumbuzi wake, Godfrey Hounsfield, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack aliyezifanyia kazi hesabu zake. Siku hizi mkazi wa Dodoma hahitaji kwenda ng'ambo kwa kipimo hicho, kwa maana Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyopo Dodoma inacho.

Hata hivyo, lazima tuelewe kikomo cha picha. Mkaguzi akipima ghala na kukuta upungufu wa magunia, kipimo kimethibitisha kwamba kuna upungufu. Hakikusema kama ni panya, ni unyevu au ni mtunza ghala. Vivyo hivyo eksirei huonyesha kwamba pafu lina dosari, lakini wingu lile laweza kuwa ni homa ya mapafu, saratani, kovu la zamani au vumbi la machimbo. Anayethibitisha ni kijidudu chenyewe, nacho hutafutwa katika makohozi.

KUPIMA MAKOHOZI

Kipimo cha tangu zama za Koch ni kupaka makohozi kwenye kioo, kuyatia rangi na kuyatazama kwa hadubini. Ni kipimo cha gharama nafuu, nacho kimeokoa watu wengi. Udhaifu wake ni kwamba vijidudu lazima viwe vingi, elfu kadhaa katika kila mililita ya makohozi, ndipo mtazamaji avione. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake ungali mchanga huweza kuambiwa kuwa hana kitu. Njia nyingine ni kuvipanda vijidudu katika maabara na kuvingoja viote. Hiyo ni sahihi zaidi, lakini vijidudu hivi hukua polepole sana na majibu huchukua wiki kadhaa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo kipya kiitwacho GeneXpert. Makohozi hutiwa ndani ya kikasha kidogo, na mashine hutafuta chembe za urithi za kijidudu, kuzizidisha mara nyingi, na kutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili. Huona vijidudu vichache sana kuliko vile vinavyohitajika kwa hadubini. Tena hutoa jibu la pili kwa wakati uleule: kama vijidudu hivyo vimekwisha kuwa sugu kwa rifampisini, dawa ambayo ni nguzo ya matibabu.

Kwa watoto wadogo, ambao hawajui kutoa makohozi bali huyameza, tangu mwaka 2020 imeshauriwa kutumia mashine hiyohiyo kupima kinyesi. Akina mama wasione ajabu wakiombwa sampuli hiyo.

Jirani zetu wa Morogoro nao wana mchango wa kipekee. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa makohozi. Panya aliyefuzu hupita juu ya safu ya vikombe vya sampuli, naye akinusa harufu ya ugonjwa husimama na kukwaruza. Anaweza kupitia sampuli mia moja kwa dakika ishirini hivi. Alama yake haitoshi kumwanzishia mtu dawa. Sampuli aliyoionyesha hupimwa tena maabara. Lakini kwa njia hiyo wamepatikana wagonjwa wengi ambao hadubini ilikuwa imewapita.

DAWA, NA SABABU YA MIEZI SITA

Kabla ya miaka ya 1940 hapakuwa na dawa. Mgonjwa alilazwa mahali penye hewa safi, akala vizuri na kungoja. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro ilianzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili hiyo. Dawa ya kwanza, streptomisini, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Wagonjwa walipata nafuu kwa miezi michache, kisha wengi wakaugua tena na dawa haikuwasaidia. Hapo ndipo somo kubwa lilipopatikana. Katika mamilioni ya vijidudu vilivyomo kifuani, vichache huzaliwa vikiwa na uwezo wa kuistahimili dawa fulani. Dawa moja ikitumika peke yake, huua vile dhaifu na kuviachia vile sugu shamba zima. Zikitumika dawa kadhaa kwa pamoja, kinachoistahimili moja huuawa na nyingine. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa nne.

Hadi kufikia mwaka 1970 matibabu hayo yalichukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wengi waliyakatiza. Mwaka huo madaktari wa Afrika Mashariki, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ambalo kitengo chake cha kifua kikuu kiliongozwa na Dakta Wallace Fox, walianza jaribio ambalo lilibadili tiba duniani kote. Wagonjwa wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia waligawanywa katika makundi. Baadhi walipewa matibabu ya miezi 18 ya siku zote, wengine matibabu ya miezi sita yenye dawa tofauti. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972. Ilionekana kwamba miezi sita inatosha, mradi miongoni mwa dawa hizo imo rifampisini. Na pirazinamidi nayo ilionyesha nguvu kubwa ya kuzuia ugonjwa usirudi. Makundi yaliyokosa dawa hizo mbili yalikuwa na wengi waliougua upya.

Leo kwa kawaida mgonjwa humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Watu huuliza, kwa nini aendelee ilhali amekwisha kupata nafuu? Jibu ni kwamba vijidudu vinavyokua kwa kasi hufa katika wiki za mwanzo, ndipo homa huondoka, uzito hurudi na kikohozi hupungua. Lakini vipo vingine vilivyolala, ambavyo dawa haivigusi mpaka viamke. Miezi inayofuata ni ya kuvivizia hivyo. Anayeacha dawa mwezi wa pili kwa sababu ana nguvu za kuvuna amelipa deni nusu, na riba inaendelea. Ugonjwa ukirudi waweza kurudi ukiwa sugu, na usugu huo atamwambukiza mkewe na wanawe.

Inafaa wanachama wajue pia kwamba rifampisini huugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Hiyo si damu wala sumu, na si sababu ya kuacha dawa. Lakini macho yakiwa ya manjano, au mgonjwa akitapika mfululizo, arudi kituoni mara moja.

HESABU ILIYOFUNDISHA DUNIA

Jambo ambalo lapaswa kumfurahisha kila katibu ni hili: hatua mojawapo kubwa katika kuushinda ugonjwa huu haikuwa dawa wala mashine, bali daftari. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikishauriwa na Dakta Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyekuwa akifanya kazi na chama cha kimataifa cha kupambana na kifua kikuu. Yeye na madaktari wa Kitanzania waliweka utaratibu kwamba kila mgonjwa aandikwe katika daftari la wilaya, na kila robo mwaka kundi lote la walioandikwa lifungiwe hesabu: wangapi wamepona, wangapi wamemaliza dawa, wangapi wamekufa, wangapi tiba imewashinda, wangapi wametoroka, wangapi wamehamia kwingine. Jumla ya mafungu hayo lazima ilingane na idadi ya walioandikwa mwanzoni.

Makatibu watatambua kwamba huo ni urari wa hesabu, hauna tofauti na ule wa ghala. Kabla yake, nchi nyingi zilijua idadi ya dawa zilizotolewa, zisijue idadi ya watu waliopona. Tangu mwaka 1982 dawa za muda mfupi zilianza kutumika nchini chini ya utaratibu huo, na wagonjwa waliokuwa wakipotea wakaanza kuonekana na kufuatwa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni janga la dunia, na kisha kutoa mwongozo wa nchi zote katikati ya miaka ya 1990, sehemu kubwa ya mwongozo huo ilitokana na yaliyofanyika Tanzania.

DAWA MPYA

Wagonjwa wenye vijidudu sugu walikuwa na mzigo mzito. Matibabu yao yaliweza kufikia miezi ishirini, pamoja na sindano za kila siku kwa miezi kadhaa, ambazo ziliwaacha wengine viziwi. Nchini mwetu matibabu hayo yalianza Kibong'oto mwaka 2009. Mwaka 2012 Marekani iliidhinisha bedakwilini, dawa iliyotokana na kundi jipya kabisa. Baada ya majaribio katika nchi kadhaa, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wengi wa wagonjwa hao wenye umri wa miaka 14 na zaidi waweza kutibiwa kwa vidonge tu, kwa miezi sita.

Kwa ugonjwa wa kawaida pia muda umejaribiwa kufupishwa. Jaribio lililofanyika katika nchi 13, zikiwemo Kenya na Uganda, lilionyesha mwaka 2021 kwamba mchanganyiko wa rifapentini na moksifloksasini huponya kwa miezi minne. Jaribio jingine lililowahusu watoto wa Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India lilionyesha mwaka 2022 kwamba mtoto ambaye ugonjwa wake si mkali anatosheka kwa miezi minne. Mwanachama asiyasome maneno haya kama ruhusa ya kujipunguzia dozi. Muda wake ni ule ulioandikwa na mtabibu katika kadi yake.

Kuhusu chanjo, ile ya BCG wanayopewa watoto wachanga ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921, nayo huwakinga watoto na aina kali za ugonjwa, lakini kinga yake kwa watu wazima ni hafifu. Chanjo nyingine, ijulikanayo kama M72, ilijaribiwa Kenya, Zambia na Afrika Kusini, ikapunguza wagonjwa kwa nusu hivi. Jaribio kubwa la kuithibitisha lilianza mwaka 2024.

WAJIBU WA CHAMA

Ndugu Makatibu, katika miaka hamsini jibu la maabara limeshuka kutoka wiki kadhaa hadi saa mbili, na dawa kutoka miezi kumi na minane hadi sita. Kitu ambacho hakuna mtafiti aliyeweza kukifupisha ni muda ambao mgonjwa anakaa kimya nyumbani kabla ya kwenda kupimwa, akiendelea kuwaambukiza watoto wake. Hapo ndipo ushirika una nafasi. Yafuatayo yanapendekezwa kwa kamati za vyama:

(a) Tangazo litolewe katika kila mkutano mkuu na siku za kupokea mazao, kwamba mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi la usiku au kukonda aende zahanati akapimwe makohozi. Mwenye Virusi vya UKIMWI asingoje hizo wiki mbili.

(b) Jina la mgonjwa lisitajwe mkutanoni wala kuandikwa katika ubao. Siri ya mgonjwa ni yake. Katibu akijua, na ajue kwa sababu mwenyewe amemwambia.

(c) Miezi ya dawa ikiangukia msimu wa kuvuna, kamati ishirikiane na familia kupanga vijana wa kumsaidia kuvuna na kufikisha mazao ghalani. Wagonjwa huacha dawa kwa kuogopa kupoteza msimu, si kwa ukaidi tu.

(d) Mwanachama aliye katika matibabu asifutwe katika orodha kwa kukosa kuleta mazao, wala asisukumwe kwa deni la pembejeo kabla kamati haijakutana na kuangalia uwezekano wa kumwongezea muda kwa mujibu wa masharti ya chama.

(e) Mgonjwa ashauriwe kuchagua mtu mmoja wa karibu, awe mke, mume, kaka au jirani, wa kumshuhudia akimeza dawa kila siku. Chama kisimchagulie.

(f) Watoto wa chini ya miaka mitano na watu wengine wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wapelekwe kupimwa. Wasio wagonjwa waweza kupewa dawa za kuzuia.

(g) Majengo ya chama yafunguliwe madirisha wakati wa mikutano, na mwanachama anayejenga upya ashauriwe kuweka madirisha yanayotazamana.

Liko jambo la mwisho ambalo wanachama huuliza: je, ni salama kukaa na mwenzetu aliyeanza dawa? Baada ya wiki chache za kumeza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana. Wa kuogopewa si yule mwenye kadi ya zahanati mfukoni, bali ni yule anayekohoa ambaye hajapimwa. Kumtenga wa kwanza ni kumfundisha wa pili ajifiche.

Katibu atakayekuta katika daftari lake jina ambalo halikuleta mazao kwa misimu miwili, asiridhike kuandika neno moja pembeni na kufunga hesabu. Aulize nyumbani kwake. Ikiwa jibu ni kikohozi, siku hiyohiyo amshauri aende zahanati, na kama hana wa kumsindikiza, amtafutie.